Masizi ya Pikipiki ya Chanjo

Nguba, Bukavu, tarehe 12 mwezi wa pili 2023

Chancelle mujukuu wangu,

Mimi koko yako niko muzima. Goti la kushoto linalia nikishuka ngazi, nikipanda linanyamaza, basi napanda tu. Mama yako iko salama, baba yako iko salama, mbuzi wa jirani amekula mboga zangu zote za lengalenga na yeye pia iko salama, kwa bahati mbaya. Ziwa limetulia na sambaza, vile visamaki vyetu, ni nyingi wiki hii.

Anayeandika ni mama Yolande wa mulango wa pili, yule aliyefanya kazi ya sekretere mpaka akazeeka nayo. Mimi nasema, yeye anaandika. Anapenda kunyoosha maneno yangu. Nimemuambia: mama Yolande, maneno yangu si shati, weka pasi chini. Simu yako haishiki kule juu Walungu, na mimi ku simu nasikia upepo tu, kwa hiyo tuandikiane. Dany wa minibus ya Walungu atabeba barua siku za soko.

Sasa. Tangu walipokupa pikipiki ya chanjo, natembea hapa Nguba kifua mbele. Mujukuu wangu, mwanamuke wa kwanza pale sentre ya afya kupewa ufunguo! Wanaume wanne walikuwa wanautaka. Vizuri, wautamani.

Dany anasema ni pikipiki ya deux-temps, ile inayokunywa mafuta ya mashini pamoja na esansi, ile petroli. Basi uko na bahati, juu hiyo naijua. Marehemu koko yako Modeste, mume wangu, alizunguka nayo vijiji vyote akifundisha katekisimu. Yeye alikuwa anaendesha, mimi nilikuwa naisafisha ndani, miaka ishirini na mbili. Vile nilikuambia siku ulipoondoka, narudia: usiinyime mafuta. Kila unapotia esansi lita ishirini, tia lita moja ya mafuta, tikisa, ndipo uwashe. Pikipiki yenye kiu inakufa njiani.

Kula vizuri. Usichumbiwe na mutu yeyote mbele sijamuona meno.

Koko yako, M'Murhula

*

Walungu, tarehe 5 mwezi wa tatu 2023

Koko yangu,

Nimefurahi kusikia goti liko na mawazo yake yenyewe. Salamu kwa baba na mama, na kwa mama Yolande. Mbuzi simusalimii.

Huku mvua inanyesha kila siku saa nane kamili, kama vile iko na saa ya mukono. Nimepanga chumba nyuma ya sentre ya afya. Mwenye nyumba ananiita docta, nami nimechoka kumuambia kwamba ni muuguzi tu. Juzi ameniletea ng'ombe aliyevimba tumbo. Maharagi yamekomaa, ninakutumia kapu moja ndani ya gari ya Dany. Chagua vizuri, kuna mawe mawili matatu. Viazi vitamu vitafuata. Chifu wetu wa sentre, bwana Cyprien, ni mutu wa ratiba: anaandika mupaka saa ya chai.

Kazi kubwa ni mulima Cihamba. Zamani wamama wa kule juu walikuwa wanashuka masaa matatu kwa muguu na mutoto mugongoni kufuata sindano, na wengi walichoka wakaacha. Sasa mimi ninapanda kwao na masanduku ya barafu. Katika daftari langu kuna watoto sitini na tatu ambao hawakuwahi kuchanjwa. Ninawajua majina.

Pikipiki iko. Tunazoeana. Mafuta ninachanganya vile ulisema.

Mujukuu wako,
Chancelle

*

Nguba, tarehe 19 mwezi wa tatu 2023

Chancelle,

Maharagi yamefika. Mawe yalikuwa saba, si mawili matatu. Tumekula na mama Yolande mpaka akafungua mukaba. Mama yako amepona mafua. Kumekucha vizuri hapa, Mungu asifiwe.

Sasa tuongee mimi na wewe. Umeandika mistari mingi juu ya maharagi, na juu ya pikipiki umeandika mitatu mifupi kama mukia wa sungura. Mutu anayenyamaza juu ya sufuria ameiunguza. Nikamushika Dany pale kituoni, nikamuuliza. Akaanza kuangalia viatu. Nikamuambia, "Dany, mimi nilimuosha mama yako siku alipozaliwa, sema."

Akasema, "Koko, nilimupita ku mupando. Alikuwa anaisukuma. Sanduku mugongoni, na moshi nyuma kama watu wanachoma matofali."

Kumbe ndiko kuzoeana! Sasa nijibu kichwani mwako: inalia nzito kama mutu wa mafua? Ku muteremuko inakimbia, ku mupando inakufa? Ukiizima, inagongagonga kwanza mbele ya kunyamaza? Basi haiko na uchawi, iko na masizi. Mafuta yanaungua pamoja na esansi, lakini hayaishi yote. Yanayobaki yanakuwa meusi, yanashika juu ya kichwa cha pisto, kile chuma kinachopanda na kushuka ndani ya mashini, yanashika mu tundu ambamo moshi unatokea, yanashika ndani ya eshapema, ule murija wa moshi. Tundu linakuwa dogo. Ni kama kumuziba mutu pua halafu unamuambia panda Cihamba.

Utafanya hivi. Iache ilale mpaka ipoe kabisa. Toa eshapema, toa ule murija mudogo ulio ndani yake, uulaze ku mbabula juu ya makala, nje, si ndani ya nyumba, juu moshi wake unakaba. Ukigeuka kijivu, ugonge polepole na kipande cha muti, masizi itaanguka kama maganda ya yai.

Kisha fungua kifuniko cha juu ya mashini. Usimalize skuru moja halafu nyingine. Legeza hii kidogo, halafu ile ya mbali inayoitazama, zote zishuke pamoja. Utaona pisto. Sukuma kwa mukono ile kiki ya kuwashia mpaka ipande juu kabisa. Paka grisi pembeni mwake pande zote, ili vipande vyeusi vinase pale, visianguke ndani. Sasa sikia vizuri: usichukue kisu. Usichukue turnevisi, ile ya kufungulia skuru. Pisto iko laini, ukiikwaruza, masizi itapata pa kushika kucha na itarudi haraka zaidi. Chukua mwiko wa kupikia bugali, uchonge ncha yake iwe bapa. Muti unatoa masizi na unaacha chuma. Modeste alianza na kisu. Siku ile nilimunyang'anya, ndiyo nikapata kazi ya miaka ishirini na mbili.

Ukimaliza kichwa, shusha pisto mpaka tundu la moshi lifunguke lote, ulikwangue pia. Futa kila kitu kwa kitambaa. Jointi, ile karatasi ngumu inayokaa chini ya kifuniko, nunua mupya, usiwe bahili.

Na usinifiche tena. Mimi si mugonjwa wa moyo.

M'Murhula

*

Walungu, tarehe 16 mwezi wa ine 2023

Koko yangu mupenzi,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa, juu nitakuchekesha. Hapa wote wazima. Ng'ombe wa mwenye nyumba amepona pekee, na sifa nimepata mimi.

Nilifanya kazi Jumamosi, uani mwa sentre ya afya. Nimeweka mbabula, nimeweka mwiko, nimekaa ku kigoda, pikipiki mbele yangu tumbo wazi. Bwana Cyprien akatoka ofisini na kalamu yake sikioni.

"Chancelle, unatengeneza au unapika?"

"Vyote, chifu."

"Na ukimaliza tutakula nini?"

"Cihamba."

Koko, masizi ilikuwa nene kama ukoko wa bugali uliosahauliwa! Tundu la moshi lilibakia kama jicho la mutu anayesinzia. Nilikwangua mpaka mikono ikawa ya muchoma makala. Grisi imenasa kila kipande, vile ulisema. Pascal, fundi mekanisiye wa hapa Walungu, alikuja kuniuzia jointi, akabaki kutazama, akasema mwiko hajawahi kuuona mahali pale lakini hana la kupinga. Akasema na maneno mengine. Watu wa gereji wanapenda kusema.

Siku ya pili nilipanda Cihamba na vitese ya pili tu, bila kubadili gia, bila kushuka hata mara moja! Nikapiga kelele peke yangu njiani. Mukulima mumoja akaacha jembe akaniuliza kama nimefiwa.

Asante, Koko. Pikipiki sasa ninaipa mafuta zaidi kidogo kuliko mbele, isipate kiu.

Chancelle wako

*

Nguba, tarehe 4 mwezi wa sita 2023

Chancelle,

Kwanza: wote wazima. Baba yako ameng'olewa jino, analia kama ameng'olewa muguu. Mama Yolande amepata wajukuu mapacha, anatembea akisema "mapacha" ata kwa watu wasiomuuliza.

Pili: uko wapi? Wiki saba! Nilikuandikia mwezi wa tano, hukujibu. Nikafikiri umeolewa. Jana Dany akaleta barua yangu mwenyewe, ameiokota chini ya kiti chake, chini ya vitunguu, imenuka. Anasema samahani. Nimemupa samahani pamoja na kofi dogo la kichwani. Lakini hiyo ni barua yangu. Yako iko chini ya kiti gani?

Tatu: pikipiki. Niambie inapanda. Neno moja linatosha, "inapanda".

M'Murhula

Chancelle, mimi Yolande naongeza hapa chini kabla ya kufunga, naye haoni ninachoandika. Kila siku ya soko Koko anashuka mpaka kituo cha minibus, anasimama pale mpaka gari ya Walungu ifike, anaangalia mikono ya Dany. Nikimuuliza anasema goti ndilo linataka matembezi. Andika, mwanangu.

*

Walungu, tarehe 18 mwezi wa sita 2023

Koko,

Nawasalimu wote, na pole kwa jino la baba. Hongera mama Yolande, mapacha! Ninasema mara mbili: mapacha!

Neno ulilotaka siwezi kuliandika. Haipandi.

Nilinyamaza juu nilikuwa na haya. Ile safisha ya kwanza ilinisaidia wiki sita. Mwisho wa mwezi wa tano ilirudi kukohoa, nikaifungua tena, masizi ilikuwa imejaa kama vile sikuwahi kuigusa. Nikakwangua tena, na mwiko, na grisi, kila kitu. Sasa ni wiki mbili na nusu tu na tayari inatoa moshi. Wiki iliyopita nilisukuma kuanzia katikati ya mulima mpaka juu. Barafu iliyeyuka. Chanjo iliyokuwa ndani ilibidi itupwe, na wamama kumi na wawili nimewarudisha nyumbani mikono mitupu. Mumoja alikuwa ametembea tangu asubuhi. Hakunitukana. Angenitukana ingekuwa afadhali.

Bwana Cyprien aliniita. Hakupandisha sauti.

"Chancelle, tarehe 17 mwezi wa saba kampanye ya chanjo inaanza. Cihamba ni kituo cha kwanza. Ikipanda na masanduku mawili bila kusukumwa, utaenda wewe. Ikishindwa, ufunguo nampa Cédric, na wewe utakaa ku depo ya dawa."

"Cédric ataifanya nini ambacho mimi sijafanya?"

"Anasema wanawake wanaendesha polepole, ndiyo masizi inakaa."

Cédric, mumoja wa wale wanaume wanne waliotaka ufunguo, alikuwa mulangoni, akaangalia dari. Koko, ile depo haina dirisha. Na watoto sitini na tatu wale, Cédric hajui jina la hata mumoja.

Ninafanya kila kitu ulichoniambia, hata zaidi. Mafuta sijapunguza tone. Pascal aliniuliza swali siku moja, nilikataa kumujibu, na si kitu cha kuandika.

Chancelle

*

Nguba, tarehe 2 mwezi wa saba 2023

Mujukuu wangu,

Salamu zote za nyumbani uzichukue kwa haraka, uziweke pembeni, usome.

Barua yako imefika kwa kuchelewa, Alhamisi. Mama Yolande amenisomea mara tatu. Nikakaa nikahesabu. Pikipiki ya Modeste nilikuwa naifungua mara moja kwa mwaka, na alikuwa anaendesha polepole kuliko maandamano ya Pasaka. Kwa hiyo Cédric aende akalale. Yako inajaa kwa wiki mbili. Sufuria haijichafui yenyewe; kuna mutu anailisha. Lakini nani?

Nikavaa kitenge kizuri, nikaenda Kadutu kwa Almasi, yule mwenye gereji chini ya soko. Yeye iko na deux-temps mbili za aina ya yako. Nikamukuta chini ya moja, miguu nje.

Nikamuambia, "Almasi, toka chini ya hiyo kitu, nina shida."

"Shikamoo Koko. Shida gani?"

"Mujukuu wangu anachanganya mafuta vizuri, lita moja mu lita ishirini, na masizi inamumaliza."

Akatoka taratibu, akafuta mikono. "Anachanganya wapi, Koko?"

"Mu tanki ya esansi. Unataka achanganye mu chai?"

Chancelle, yule mutoto wa watu alikohoa. Akanishika mukono, akanipeleka pembeni mwa pikipiki, akafungua kifuniko kidogo ambacho mimi nilifikiri ni cha kuwekea kitambaa. Ndani mulikuwa mafuta. Akasema, "Koko, hizi zimekuja nyuma ya ile ya marehemu. Hii iko na kakasha kake ka mafuta, na pompe ndogo inayoyapeleka yenyewe, kidogo kidogo, kadiri unavyoendesha. Ku tanki mutu anatia esansi tupu."

Nikamuuliza, "Na mutu akitia ya kakasha, akatia na ya tanki?"

Akasema, "Basi anaipa mara mbili, Koko. Anaikaanga."

Taximen watatu walikuwa pale. Wakacheka. Nikawaacha wacheke, walikuwa na haki.

Ni mimi. Mama Yolande anataka niseme "labda kulikuwa kutokuelewana kidogo". Hapana, mama Yolande, andika: NI MIMI. Nilikufundisha pikipiki ya mutu aliyekufa nikafikiri nimekufundisha zote. Sijawahi kuiona ile yako ata kwa picha, na nilitoa amri kama jenerali. Wale wamama kumi na wawili waliorudi mikono mitupu, deni lao liko kwangu, si kwako.

Na sasa najua swali la Pascal. Alikuuliza nani amekufundisha kuchanganya. Na wewe ukanyamaza! Mutu iko mbele yako na macho mawili, anaona mashini, na wewe unamusikiliza muzee aliye kilomita arobaini na goti bovu? Ningekuwa karibu ningekupiga na ule mwiko. Halafu ningekukumbatia, lakini kwanza mwiko.

Fanya hivi, tena leo. Mwaga esansi yote iliyo mu tanki. Tia esansi tupu. Ku kakasha tia mafuta mpaka alama. Almasi anasema usiiamini pompe mbele ya kuiona ikifanya kazi, juu pompe ikilala na wewe hauchanganyi, pisto itakauka na kukwama. Kwa hiyo weka alama ya kalamu pale mafuta yanapofika, endesha siku mbili bila kwenda mbali, angalia kama yanashuka. Yakishuka, iko muzima. Kisha kwangua mara ya tatu, na kila kitu, ata bugi inayotoa cheche. Umuite Pascal akae karibu. Na akisema kitu, umusikilize!

Dany simuamini na karatasi. Nimeenda kituoni mimi mwenyewe, nimemufundisha kwa mudomo mbele ya abiria wote, ameirudia mara tano: "Esansi tupu. Kakasha kanakula peke yake. Kosa ni la Koko." Barua ikipotea, atasema.

Mimi M'Murhula, nisiyejua kusoma, na sasa ata pikipiki inaonekana sijui.

*

Walungu, tarehe 23 mwezi wa saba 2023

Koko yangu, Koko yangu,

Kaa. Mama Yolande, muambie akae kwanza, ndipo usome.

Dany alifika siku ileile. Hakushuka ata garini. Alisimamisha minibus mbele ya sentre ya afya, akatoa kichwa dirishani, akapiga kelele mbele ya wagonjwa wote: "Esansi tupu! Kakasha kanakula peke yake! Kosa ni la Koko!" Muzee mumoja aliyekuja kwa kikohozi akaniuliza hiyo ni dawa ya nini.

Ndiyo, ni lile swali. Siku ile ya kwanza Pascal aliniuliza, "Nani mujinga amekuambia kutia mafuta ku tanki?" Nikamujibu kwamba mutu huyo alikuwa anasugua pisto mbele yeye hajaota meno, aende zake. Akajaribu kunieleza kakasha. Mimi niliona mutu wa depo anamwaga mafuta mule kila mwezi, nikafikiri ni akiba, vile wewe unaweka makala nyuma ya mulango. Sikutaka kuelewa, Koko. Ningeelewa, ningelazimika kukubali kwamba umekosea, na hapa mbele ya Cédric sikutaka mutu yeyote akucheke. Basi wameumia wamama wa Cihamba badala yako. Hilo kosa la pili ni langu, usininyang'anye.

Nilimuomba Pascal samahani. Alikuja na alikataa kulipwa, alitaka mwiko. Tulimwaga esansi, tuliweka alama, siku mbili mafuta yameshuka upana wa kidole. Pompe iko muzima. Tukaifungua mara ya tatu, na kila mutu wa sentre amekuja kutazama, hata bwana Cyprien na kiti chake.

Tarehe 17, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, masanduku mawili nyuma, yamefungwa kwa kamba za mpira. Cédric amesimama pale na kofia yake ya pikipiki mukononi, tayari. Nikawasha. Koko, ilisema neno moja tu na ikaanza. Ku muguu wa mulima nilitia vitese ya pili, nikasema rozari bila shanga. Mahali nilipozoea kushuka na kusukuma, pale penye mti ulioanguka, nilipita. Nikaangalia nyuma kuona kama kuna moshi. Hakukuwa kitu, barabara tu na kuku.

Nikafika juu na barafu ngumu kama jiwe. Na hakukuwa mutu! Uwanja wa kanisa mutupu, mulango umefungwa. Nikaogopa kwamba wamenichoka. Nikapiga honi. Akatoka mama mumoja, Bintu, ana unga mikononi, amekasirika.

"Docta, umekuja kama mwizi!"

"Nimekuja vile tulipanga, mama. Watu wako wapi?"

"Wako nyumbani, wanangojea moshi! Sisi tunakuona tangu chini, moshi ukifika kwenye kona ya mikaratusi ndipo tunaosha watoto. Leo tumeangalia mupaka macho yanauma, hakuna kitu, tukasema hata leo imekufa."

Akatuma watu wapige kengele ya kanisa. Walikuja wakikimbia, watoto wengine na sabuni masikioni. Kufika saa nane nilikuwa nimemaliza. Sitini na tatu, wote, waliokuwa wameanza sindano na waliokuwa bado, na tisa wengine ambao hawakuwa katika daftari. Mama yule aliyekuwa ametembea tangu asubuhi mwezi uliopita alinishika mukono, akaniambia, "Sasa umefika." Tu hivyo.

Bwana Cyprien aliandika tu ku ratiba ya mwezi wa nane, mustari wa Cihamba: Chancelle. Aliandika kwa kalamu ya wino. Cédric ameomba nimufundishe kukwangua, nimemuambia atafute mwiko wake.

Chancelle wako

*

Nguba, tarehe 30 mwezi wa saba 2023

Chancelle mutoto wa mutoto wangu,

Tuko wazima, tuko wazima, nani ana wakati wa kusalimia!

Mama Yolande alisoma mpaka pale penye mulango wa kanisa umefungwa, akanyamaza kunitesa, nikamuambia soma au toka. Alipofika ku sabuni masikioni nililia, nikacheka, nikalia tena. Kisha nilimutuma aanze upya.

Muambie mama Bintu kwamba moshi si kengele ya misa. Kuanzia sasa wapige kengele wenyewe asubuhi ya siku yako, wewe ni mutu wa ratiba, siyo tanuru. Muambie Cédric nimemusalimia, na mwiko wake usiwe wa mama yake. Muambie Pascal neno "mujinga" nimelipokea, nimelipima, linanitosha, lakini asinivalishe kila siku.

Almasi nimemupelekea habari. Taximen wale watatu walikuwepo. Mumoja akasema, "Koko, basi leo unatufundisha nini?" Nikamuambia, "Leo nafundisha kuuliza mbele ya kufundisha. Hilo nalijua tangu mwezi huu." Wakaniletea kigoda. Nilikaa mpaka adhuhuri nikiwatazama wanavyofungua, nikiuliza kila kitu kinaitwaje na kinafanya nini. Kesho narudi.

Mama Yolande anataka nimalize kwa maneno mazuri. Sina. Niko na furaha mpaka nimekaanga sambaza ya watu kumi na hapa tuko wawili. Sasa hivi anaandika na mukono mumoja, mwingine uko ndani ya sahani. Nimeita majirani wote, ata mwenye mbuzi. Na mafuta nimemwaga mengi, Chancelle, mengi kabisa, sambaza zinaogelea. Sufuria yangu haina kakasha wala pompe, na hapa jikoni Almasi hana la kuniambia.

Koko yako anayekupenda kwa nguvu,
M'Murhula